Kwa Nini Hapa? Hotuba kwa Waongozaji wa Matembezi ya Historia ya Roki

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya waongozaji wa matembezi ya mijini. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Mabibi na mabwana, waongozaji wenzangu, hamjambo.

Nianze na swali, na nitalirudia mara nyingi kabla sijashuka hapa. Umesimamisha wageni kumi na wawili mbele ya jengo. Umewaambia kuwa bendi fulani ilipiga hapa, mwaka fulani. Wamepiga picha zao. Ghafla mmoja anauliza: kwa nini hapa? Kwa nini si barabara inayofuata? Kwa nini si ng'ambo ya jiji? Una jibu?

Namba ya mlango kila mgeni anayo kwenye simu yake, na jina la bendi analo, pengine analijua kuliko wewe. Alichokufuatia ni sababu. Ukikosa sababu, umemtembeza bure.

Leo nitashika mtaa mmoja tu, East Village ya Manhattan, New York. Ni mtaa mdogo, una kumbukumbu nyingi za maandishi na picha, na karibu kumbi zote zilizoupa jina katika roki zimeshafungwa. Hakuna mahali panapompima mwongozaji vizuri zaidi ya hapo.

Twendeni kwanza St. Marks Place, namba 19 hadi 25, kati ya Second Avenue na Third Avenue. Aprili 1966 msanii Andy Warhol na mtengeneza filamu Paul Morrissey walikodi ukumbi wa jengo hilo, wakawapandisha jukwaani bendi ya The Velvet Underground pamoja na mwimbaji Nico, filamu zikiwamulika miilini wakati wakipiga. Mwaka 1967 ukumbi huohuo ukafunguliwa upya kwa jina la Electric Circus, ukaendelea hadi 1971. Waongozaji wengi husimulia hayo na kuondoka. Lakini ukumbi wenyewe ulitoka wapi? Warhol hakuujenga. Alikuta sakafu pana ya kuchezea dansi tayari ipo, kwa sababu jengo lilikuwa nyumba ya jumuiya ya Wapolandi, na jina la Dom ambalo ukumbi ulikuwa nalo lilitokana na nyumba hiyo. Palifanyika harusi, mikutano na dansi za wahamiaji muda mrefu kabla gitaa la umeme halijafika mtaani.

Sasa geukeni, mshuke Second Avenue hadi namba 105, karibu na East 6th Street. Hapo ndipo Bill Graham, mwandaaji wa maonyesho ya muziki, alipofungua ukumbi wa Fillmore East tarehe 8 Machi 1968. Usiku wa kwanza walipiga bendi ya Big Brother and the Holding Company wakiwa na mwimbaji wao Janis Joplin, pamoja na Tim Buckley na Albert King. Ukumbi ulikuwa na viti kama 2,600. Nani hujenga ukumbi wa viti 2,600 katika mtaa wa watu wa kipato kidogo? Ulijengwa miaka ya 1920, wakati Second Avenue ilikuwa barabara kuu ya tamthilia za Kiyidi, na watazamaji walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya Mashariki. Watoto wao walipohamia vitongoji vingine na lugha ikapungua, majumba yakabaki makubwa, mazee na nafuu.

Kwa nini hapa, basi? Kwa sababu wahamiaji walijenga kumbi, wakaziacha, na vijana wenye ala wakazikuta.

Nendeni tena hadi 315 Bowery, pale barabara ya Bleecker inapoishia. Desemba 1973 Hilly Kristal alifungua baa yake hapo, CBGB, akikusudia muziki wa kantri, blugrasi na bluzi. Ghorofani palikuwa na hoteli ya malazi ya bei ya chini kabisa, maana Bowery ilikuwa barabara ya watu waliokosa pa kulala. Machi 1974 bendi ya Television ikaanza kupiga pale. Agosti mwaka huohuo ikaja bendi ya Ramones. Kristal alikuwa na sharti moja, bendi ipige nyimbo zake yenyewe. Hebu liangalieni sharti hilo kwa makini. Baa za kawaida zilitaka bendi inayoiga nyimbo zinazopendwa redioni. Hapa kijana asiyejua kupiga nyimbo za wengine alikuwa na pa kusimama, mradi ametunga zake. Na jiji lenyewe, mwaka 1975, lilikuwa ukingoni mwa kufilisika.

Hapa nataka mkae kidogo, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo wageni hulipenda kuliko yote. Kutoka Fillmore East hadi CBGB ni mwendo wa dakika kumi. Machi 1971 bendi ya Allman Brothers ilirekodi albamu yake ya jukwaani pale Fillmore East, na wimbo mmoja, Whipping Post, unachukua upande mzima wa santuri, dakika kama 23. Miaka mitano baadaye, 1976, Ramones wakatoa albamu yao ya kwanza: nyimbo 14, na zote kwa pamoja hazifiki dakika 30. Wimbo mmoja wa wale, karibu albamu nzima ya hawa! Kwa nini? Mwambie mgeni aangalie kumbi. Ukumbi wa viti 2,600, watu wamelipia tiketi na wameketi, unaruhusu gitaa lisafiri robo saa. Baa nyembamba na ndefu, jukwaa huko ndani, watu wamesimama na bia mkononi, bendi nyingine inasubiri zamu yake: hapo mpigaji hana nafasi ya kuzunguka. Sitasema ukumbi peke yake ndio uliozaa muziki. Hata hivyo mgeni aliyeona upana wa mlango wa 315 Bowery baada ya kuona ule wa 105 Second Avenue hahitaji maelezo marefu.

Jambo langu la pili ni ukweli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na katika kazi yetu ni fupi mno, kwa sababu mgeni ana simu mkononi na anaweza kukuhakiki kabla hujamaliza sentensi.

Chukueni hiyohiyo albamu ya Allman Brothers. Jina lake linataja Fillmore East. Kwenye kasha la santuri wanabendi wamekaa mbele ya ukuta wa matofali, wameegemea masanduku yao ya vyombo. Ni rahisi kiasi gani kumwonyesha mgeni ukuta wowote wa matofali pale East 6th Street na kusema "ni huu"? Rahisi sana, na ni uongo. Picha ile ilipigwa Macon, Georgia, na mpigapicha Jim Marshall. Sauti ni ya New York, ukuta ni wa Georgia. Likisemwa kwa usahihi, jambo hilo linavutia kuliko ule uongo.

Namna ya kuhakiki ni ipi? Kwanza tarehe. Mabango mengi ya zamani yana siku na tarehe bila mwaka. Msiyatupe. Siku ya wiki husogea mbele moja kila mwaka, na mbili pale Februari 29 inapoingia katikati. Bango likisema Ijumaa, Machi 8, angalieni miaka ambayo Machi 8 ilikuwa Ijumaa: 1968, kisha tena 1974. Fillmore East ilifungwa tarehe 27 Juni 1971, kwa hiyo mwaka ni 1968, hapana ubishi. Fanyeni hesabu hiyo kwa kila bango kabla hamjalionyesha. Wakati mwingine bango linalouzwa kama la zamani huanguka hapohapo, maana aliyelichapa juzi hakukumbuka kulinganisha siku na tarehe.

Pili, sura ya jengo. Hifadhi ya nyaraka ya jiji la New York ina picha za kodi za majengo, zilizopigwa karibu miaka ya 1940 na tena miaka ya 1980, jengo kwa jengo. Mnajua hazina hiyo ina maana gani kwetu? Badala ya kumwambia mgeni "fikiria palivyokuwa", unampa mlango kama ulivyokuwa. Matangazo ya magazeti ya zama zile, Village Voice hasa, hukupa usiku, bei na majina ya bendi zilizotangulia. Kumbukumbu ya mtu aliyekuwapo ni nzuri kwa hisia na mbaya kwa tarehe. Itumieni kwa hisia.

Mkishapata picha ya zamani, tafuteni pale kamera iliposimama. Shika nakala kwa urefu wa jicho, chagua vitu viwili visivyohama, tuseme pembe ya dirisha la ghorofa ya pili na ukingo wa paa la jirani, kisha sogea kushoto na kulia mpaka vikae kama vilivyo pichani. Halafu sogea mbele au nyuma mpaka nafasi kati yao ilingane. Hapo ndipo pa kumsimamisha mgeni. Msitumie ngazi za chuma za dharura wala taa za barabarani kupimia, maana hubadilishwa. Chapeni picha hiyo kwa ukubwa wa A4 kwenye karatasi ngumu isiyong'aa. Karatasi inayong'aa juani ni kioo, mgeni ataona uso wake. Na msiipitishe mkono kwa mkono, kwa sababu ikifika kwa mtu wa tano wewe umeshahamia habari nyingine. Chapeni mbili, ishikeni moja kifuani, mpite nayo mbele ya mstari wa watu polepole.

Sasa niingie kwenye miguu, masikio na jua, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo matembezi mazuri yanapoharibika.

Njia ninayowapendekezea, kuanzia 96 St. Marks Place, kwenye jengo nitakalolitaja mwishoni, kwenda magharibi hadi Dom, kushuka Second Avenue, kukata East 2nd Street na kumalizia Bowery, haifiki kilomita moja na nusu. Mtu huitembea kwa dakika ishirini. Matembezi yakiwa ya saa mbili, ina maana saa moja na dakika arobaini watu wamesimama. Mnalisikia hilo? Wageni hawachoki kwa kutembea, huchoka kwa kusimama. Kwa hiyo kituo kimoja kisizidi dakika nane. Ukiwa na maneno ya dakika kumi na tano, yagawe, nusu uyaseme kituo kilichotangulia. Kila kituo cha tatu kiwe na pa kuegemea, na waambieni mapema choo kiko wapi.

Kundi lisizidi watu kumi na wawili. Wakifika ishirini, wa nyuma hawaoni picha, wanaanza mazungumzo yao, na njia ya waendao kwa miguu inaziba. Wapangeni safu mbili kando ya ukuta au uzio, wakiacha nafasi ya watu wawili kupishana. Wewe usisimame na mgongo ukielekea barabarani kama huna kipaza sauti, maana sauti yako itashindana na magari yanayopita nyuma yako. Simama kwenye ncha ya safu, ukuta ukiwa nyuma yako. Na jua likupige wewe usoni, si wao.

Bowery ni barabara pana yenye kelele za malori. Mwongozaji asiye na uzoefu husubiri afike mbele ya 315 ndipo aanze kusimulia CBGB, akamaliza akiwa amepasua koo, na watu wamesikia robo tu. Simulieni kabla. East 2nd Street, hatua chache kabla ya Bowery, kuna bustani ndogo ya jamii iitwayo Albert's Garden, na mtaa wenyewe una utulivu. Hapo ndipo Roberta Bayley alipowapiga Ramones picha iliyokuja kuwa kasha la albamu yao ya kwanza: Johnny, Tommy, Joey na Dee Dee, wamejipanga mbele ya ukuta wa matofali. Simamisheni watu hapo. Maneno yote ya CBGB yasemeni hapo, hata mkikuta lango limefungwa. Mkifika Bowery mnaonyesha kwa kidole tu.

Na jua? Jengo la 105 Second Avenue liko upande wa magharibi wa barabara, uso wake unatazama mashariki, hivyo linapata mwanga asubuhi hadi mchana. 315 Bowery liko upande wa mashariki, linapata mwanga alasiri. Ukianza saa sita mchana, utafika la kwanza kabla mwanga haujaliacha, na la pili mwanga unapoanza kulifikia. Ukianza asubuhi na mapema, kituo chako cha mwisho kitakuwa kivulini, na picha ya mwisho ndiyo wageni wanayowatumia ndugu zao.

Muziki wenyewe lazima usikike. Matembezi ya roki bila sauti ni ziara ya matofali. Lakini New York kipaza sauti barabarani huhitaji kibali cha polisi, na leseni ya kuongoza watalii inatolewa na jiji kwa mtihani. Fuateni taratibu zote mbili, sitazirefusha. Njia nyepesi ni kuwatumia wageni orodha ya nyimbo siku moja kabla, kila mmoja aipakue kwenye programu anayotumia, aje na spika zake za masikioni. Ukifika mahali, unahesabu tatu, mbili, moja, wote wanaanza pamoja. Kinachokwenda kombo ni kwamba asiyelipia programu hupata tangazo la biashara katikati, na asiyepakua husubiri mtandao. Kwa hiyo uwe na simu ya akiba yenye nyimbo zote. Na ondoeni ile imani kwamba sekunde thelathini za wimbo ni bure kwa yeyote. Sheria ya hakimiliki ya Marekani haina kipimo hicho.

Wenye vipokezi vya masikioni, vile vinavyompelekea mgeni sauti yako, chukueni vya sikio moja, ili mgeni asikie baiskeli inayokuja. Betri hupungua haraka kwenye baridi, basi zikae mfuko wa ndani wa koti, na vipokezi viwili viwe vya ziada. Kabla ya kuanza jaribuni chaneli. Kundi lingine likiwa karibu na chaneli yenu, wageni wako watasikia historia ya makanisa.

La mwisho ni wenyeji. Watu wanaishi kwenye makasha ya santuri zetu! Majengo ya 96 na 98 St. Marks Place ndiyo yaliyo kwenye kasha la Physical Graffiti, albamu ya bendi ya Led Zeppelin ya mwaka 1975. Ngazi za mbele za jengo hilohilo ndizo Mick Jagger wa bendi ya Rolling Stones anazokaa na mwanamuziki wa rege Peter Tosh kwenye video ya wimbo Waiting on a Friend ya mwaka 1981. Unadhani mgeni akifika atataka nini? Atataka kukaa kwenye ngazi. Na mtu wa ghorofani amebeba mboga zake, anashindwa kupita mlangoni kwake. Fanya hivi: kundi libaki ng'ambo ya barabara, upande wa kaskazini. Pale ndipo pa kuona kasha vizuri hata hivyo, kwa sababu mgeni anaweza kuhesabu safu za madirisha na kugundua kwamba kwenye kasha safu moja imeondolewa ili picha iingie kwenye mraba. Mpe kazi hiyo ya kuhesabu. Atasahau ngazi. Onyeni pia kuhusu picha: uso wa jengo unatazama kaskazini, jua la mchana liko nyuma yake, kwa hiyo simu ielekezwe na kuguswa kwenye ukuta, si kwenye anga, la sivyo jengo litatoka jeusi.

Nyumba ya mwanamuziki aliye hai haionyeshwi. Hata akiwa maarufu namna gani. Hata wageni wakiomba.

Na kuna kibao cha barabara chenye jina la Joey Ramone, mwimbaji wa Ramones, kwenye kona ya Bowery na East 2nd Street. Jiji lilikiweka mwaka 2003, miaka miwili baada ya kifo chake. Mashabiki wake wakakiiba. Kikawekwa kingine, kikaibwa tena, tena na tena, mpaka kikapandishwa juu, kama mita sita kutoka chini. Ni kisa kizuri cha kusimulia. Sasa tazameni matokeo yake kwa kundi lako: mgeni anayetaka uso wake na kibao viingie kwenye picha moja hurudi nyuma, anarudi nyuma tena, na nyuma yake ni Bowery. Msimamishe yeye karibu na nguzo, na mpigapicha achuchumae mbele yake juu ya njia ya miguu, simu ikitazama juu. Vyote vinaingia, hakuna anayegusa lami.

Ndani ya 315 lilifunguliwa duka la mavazi la John Varvatos mwaka 2008, likahifadhi sehemu ya ukuta wenye mabango na maandishi ya zamani. CBGB yenyewe ilifungwa Oktoba 2006, baada ya mgogoro wa kodi ya pango na mpangishaji wake, shirika linalohudumia wasio na makazi, na mwimbaji Patti Smith ndiye aliyepiga usiku wa mwisho. Elezeni pande zote mbili za mgogoro ule. Kodi nafuu ndiyo iliyoleta muziki Bowery, na kodi iliyopanda ndiyo iliyouondoa. Mgeni aliyekuuliza "kwa nini hapa" atauliza pia "kwa nini si hapa tena", na anastahili jibu.

Malizieni hapo Bowery, msirudishe watu St. Marks Place. Kituo cha treni cha Bleecker Street kiko karibu upande wa magharibi, cha Second Avenue kiko upande wa kusini mashariki, na wageni wataachana bila kuvuka njia waliyokwisha kuipita. Acheni dakika kumi za maswali kabla ya kuagana, lakini mziweke East 2nd Street, kwenye utulivu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali, na wenye mabango yasiyo na mwaka, yaleteni hapa mbele tuyahesabu pamoja.